Siku Niliyomzima Babu wa Urambo

Mwenzenu mpaka leo nikikatiza mtaa wa Mtendeni kuna mama mmoja anayeuza dagaa, akiniona tu anamgusa mwenzake na kiwiko na kumwambia, tena bila kushusha sauti, "Ndiye huyu aliyemzima babu yake," na mimi napita nimeinamisha kichwa kama niliyedondosha kitu, maana nitajibu nini, ni kweli nilimzima, nilimzima kwa simu, watu wakisikia, na nikaagiza afunikwe shuka. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wakisimulia wengine wanaongeza chumvi, na hii habari chumvi yake yenyewe inatosha.

Naitwa Nyamizi, kazi yangu ni kuangalia kompyuta za chama kimoja cha ushirika, cha wakulima na warina asali, makao makuu hapa Tabora mjini, tawi kubwa liko Urambo. Nikisema kompyuta msije mkafikiria vitu vya kwenye matangazo. Nusu yake ni zile za chogo, zilizotokeza mgongo nyuma, nzito, za rangi ya maziwa yaliyolala, ukiiwasha unaweza kwenda kununua chapati, ukazungumza na muuzaji, ukarudi, bado inajikohoza.

Sasa ili mnielewe lazima niwaambie kitu kimoja cha kikazi, kimoja tu, halafu tunaendelea. Kompyuta ya ofisini ukiiwasha asubuhi haikuruhusu kuingia hivi hivi, kwanza inapiga hodi kwenye waya, inatafuta mashine kubwa inayowajua wafanyakazi wote na maneno yao ya siri, ile tunayoiita seva. Seva ikiitikia "karibu, huyo namjua," basi unaingia, unafanya kazi. Sisi tulikuwa na seva mbili. Ya kwanza ilikuwa mzee, ilikuwepo kabla yangu, na ilipoletwa mpya hapa mjini ile ya zamani ikapelekwa tawi la Urambo ikapumzike huko. Ile mpya inaitwa Mjukuu. Ile ya zamani inaitwa Babu.

(Najua mnachotaka kuuliza. Ndiyo, jina hilo nililikuta, aliliweka fundi aliyenitangulia, lakini mimi nilifurahi nalo, kwa sababu mimi pia nina Babu wangu huko huko Urambo, Mzee Maganga, mwanachama wa chama hiki hiki, mrina asali, aliyenilea tangu sijaota meno, na mnajua babu na mjukuu wanavyotaniana, yeye hajawahi kuniita Nyamizi, ananiita mke wangu, na mimi namwita bwana. Kwa hiyo kila nikimtaja Babu wa kwenye waya nilikuwa nacheka peke yangu. Kicheko hicho nimekilipia.)

Shida ilianza hivi. Kwa wiki nzima zile chogo zetu za mjini zikawa zinapiga hodi, badala ya kuitikiwa na Mjukuu ambaye yuko chumba cha pili, zinaenda kuitikiwa na Babu kule Urambo. Kwa hiyo mtu yuko Tabora, mashine yake iko Tabora, seva iko Tabora, lakini ili aingie kwenye kazi yake lazima aende Urambo arudi, na mtandao wenyewe ule mnaoujua, wingu likitanda tu unakata. Watu wananuna, wananitazama, na mimi nilikuwa nimechanganyikiwa kwelikweli, kwa sababu kompyuta mpya zilikuwa zinakwenda kwa Mjukuu vizuri tu, ni hawa wazee ndio wanamng'ang'ania Babu.

Na wiki hiyo ndiyo ya mkutano mkuu. Wanachama wanatoka Urambo, wanatoka Ulyankulu, wanajaa ukumbini, na kila mmoja lazima ahakikiwe kwenye mashine kabla hajaketi, mashine zenyewe zimepangwa kwenye meza ukutani humo humo ukumbini. Meneja wetu, Bwana Lufunga, mtu mpole akiwa ameshiba, aliniita akaniambia, "Nyamizi, siku hiyo zikigoma, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya wanachama niwaombe tuchukue kampuni ya Dar es Salaam, na wewe utarudi kwenu ukarine asali." Hakuwa anatania. Kampuni yenyewe ilishakuja mara mbili, vijana wa mashati ya kubana, wakazicheka chogo zetu waziwazi. Mimi kazi ile naitaka, jamani, nimeitafuta mpaka viatu vikaisha soli.

Basi asubuhi ya mkutano nikafanya uamuzi mdogo. Mdogo kabisa. Nikajisemea, hawa wazee si wanamfuata yeyote anayeitika kwanza? Sasa Babu asipokuwepo kuitika, si watamfuata Mjukuu wenyewe? Njia sahihi ilikuwa kukaa chini na kila kompyuta, kuifungua tumbo la mipangilio yake na kuona imeandikwa nini humo, lakini hiyo ni kazi ya kutwa nzima na wanachama walishaanza kushuka kwenye mabasi. Nikamtumia ujumbe Deo, mwenzangu wa tawi la Urambo, amzime Babu, halafu nikampigia kuhakikisha.

Nilipiga simu hiyo barazani, kwa sababu ndani haikamati, na nikawa napayuka, kwa sababu hata barazani inakamata kwa taabu. Na mlango wa baraza ile ndio wa mapokezi, na mapokezi yuko Mama Mwanahawa. Mama Mwanahawa ni mtu wa mji huu kabisa, wa asili, harusi na misiba ya mtaa mzima inapita mikononi mwake, akisikia mtu kafiwa hujakaa sawa turubai limeshafungwa. Yeye alisikia upande wangu tu wa mazungumzo, na upande wangu ulikuwa hivi:

"Haloo Deo! Babu vipi? ... Amezimika? ... Kabisa? Hata kale kataa hakawaki? ... Basi msimguse tena. Mfunike na lile shuka la bluu asiingiwe na vumbi. ... Aa, bora apumzike, wiki nzima ametutesa. ... Ndiyo, sasa wote wanarudi kwa Mjukuu."

Nikakata simu, nikaingia ndani, na nikapita mbele yake nikipiga mluzi. Mluzi, jamani!

Sasa mimi nikaenda ukumbini nikiwa na uhakika wa mia kwa mia, nikawasha chogo ya kwanza, nikangoja. Ikapiga hodi. Kimya. Nikawasha ya pili, kimya. Zote zikasimama na kile kioo cheusi na kimshale kinachopepesa, na Mjukuu yuko pale chumba cha pili anaitika mpaka sauti inamkauka, hakuna anayemjali. Nikaingia chini ya meza kufuata waya, nikidhani waya umechomoka, na foleni ya wanachama ikaanza kurefuka hadi nje, nikawa naona miguu tu, viatu vya kuendea kanisani na kandambili.

Basi nikiwa humo chini ikaja miguu ya Mama Mwanahawa, akainama, macho yamemlegea, akanishika bega.

"Pole sana, mwanangu."

"Ahsante, Mama, ndiyo kazi," nikamjibu, maana nilidhani ananipa pole ya mashine.

"Ilikuwa ghafla?"

"Wala. Alikuwa ameshachoka siku nyingi, ukimuuliza kitu anakaa kimya weee, ndipo ajibu."

Akanifuta vumbi begani. "Na wewe umeamua kuja kazini tu?"

"Sasa Mama nisipokuwa hapa nani atawafufua hawa?" nikasema, nikionyesha chogo.

Akaondoka polepole, anatikisa kichwa. Baadaye aliniambia kwamba pale alijua huzuni imenipanda kichwani. Na nyuma yake wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine, "pole Nyamizi," "jikaze dada," "Mungu ndiye mpangaji," na mimi najibu ahsante, ahsante, huku nikishangaa tangu lini watu wa ofisi hii wakawa na huruma na fundi kiasi hiki, siku nyingine printa ikigoma tu wananisonya.

Halafu akaja meneja mwenyewe. Nilimwona kutoka mbali anakuja na ile hatua yake ya hasira, nikasema leo nimekwisha, lakini kabla hajafika Mama Mwanahawa akamnong'oneza kitu, na yule mtu akabadilika uso pale pale. Akaja akachuchumaa, suruali ya mkutano na yote, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyamizi, achana na mashine. Mashine si kitu. Nenda nyumbani tu, tutakuja wote."

Jamani! Bosi akikwambia mashine si kitu, na wewe kazi yako ni mashine, maana yake ni nini? Nikajua nimefukuzwa. Tena nimefukuzwa kwa upole, ambako ndiko kubaya zaidi. Nikamwambia, "Bosi nipe nusu saa tu," naye akanipapasa kichwa, akainuka, akajifuta macho. Nikabaki chini ya meza nimeshika waya sijui hata waya wa nini, nimechanganyikiwa, sielewi kwa nini mtu anayenifukuza analia.

Na hapo simu yangu ikaita. Shangazi Kalunde, yuko Ulyankulu, na Shangazi hapigi simu mchana labda kuna jambo. Nikapokea, nikamsikia analia, yaani analia kile kilio cha kuvuta.

"Nyamizi, Babu wa Urambo ametutoka!"

"Nini?"

"Amezimika asubuhi hii hii! Hata kufunikwa wameshamfunika! Na sisi hatujaambiwa, tunasikia kwa watu!"

Sikilizeni, mimi ndiye niliyesema hayo maneno. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, si muda mrefu uliopita, neno kwa neno. Yalitoka mdomoni mwangu barazani, yakaingia kwa Mama Mwanahawa, yakaingia kwenye lile kundi la WhatsApp la ofisi, yakatoka yakafika Ulyankulu, yakageuka yakanirudia sikioni na sikuyatambua hata kidogo. Mji wetu huu tangu enzi za misafara habari zilikuwa zinafika hapa, zinapumzika, ndipo ziendelee na safari. Siku hizi hazipumziki.

Nikampigia Babu. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Nikapiga tena. Haipatikani. Na hapo, ndugu zangu, sikujua tena habari ya mashine wala meneja wala kampuni ya Dar, nilipiga ukunga, nikainuka nikasahau kwamba niko chini ya meza, nikajigonga kichwa mpaka chogo ikayumba, nikatoka hapo natambaa nalia, "Mayo wane, mama yangu! Babu! Bwana'angu! Umeniacha na nani!" mbele ya foleni nzima ya wanachama. Na nikawasikia watu wanasema, "Afadhali, sasa analia," na Mama Mwanahawa akaja akanifunga kanga kiunoni, akanikalisha, akasema, "Lia mwanangu, ulikuwa unatutisha."

Meneja akapanda jukwaani akashika kipaza sauti. Akasema ndugu wanachama, kabla ya jambo lolote, tumempoteza mwenzetu, Babu yake Nyamizi wetu huyu, mzee wa Urambo, mmoja wa waanzilishi wa chama hiki, naomba tusimame wote, tunyamaze kidogo, tumkumbuke. Ukumbi wote ukasimama. Kofia zikavuliwa. Kimya kikaingia, kilichosikika ni mimi tu na kwikwi zangu.

Katikati ya kimya kile mlango wa nyuma ukafunguliwa taratibu, akaingia mzee mmoja wa koti la kahawia na ndoo ndogo ya asali mkononi. Mimi sikumwona, nilikuwa nimejifunika kanga usoni, haya nilisimuliwa. Mzee akakuta watu wote wamesimama wamenyamaza. Na yeye, mtu mwenye adabu zake, akaweka ndoo chini, akavua kofia, akainamisha kichwa, akajisimamia mwenyewe mpaka mwisho.

Alikuwa Babu. Si ni mwanachama? Angekosaje mkutano mkuu? Alikuwa njiani kwenye basi, na Babu akisafiri huwa anazima simu kutunza chaji. Alikuwa amezima tu.

Watu walipoketi akamuuliza wa jirani yake, "Tumemsimamia nani?" Akaambiwa, "Babu yake yule binti wa kompyuta. Yule wa Urambo." Sasa hapo ndipo mngeona ukoo wangu. Babu hakufikiria hata kidogo kwamba ni yeye, angefikiriaje, yeye yuko hapo? Lakini Urambo nina babu mwingine, mdogo wake, Mzee Kasanda, na huyo pia namwita Babu, na Babu alimwacha asubuhi hiyo anakohoa. Basi yule mzee akapiga kelele, "Kasanda! Mdogo wangu!" akaja mbele anapepesuka, analia, wanachama wakampisha, akaniangukia, akanikumbatia, "Mke wangu, Kasanda ametuacha!"

Mimi nikafungua kanga nione nani ananiita mke wangu.

Nilichofanya sitakiremba. Nilimsukuma. Nilimsukuma Babu yangu kifuani, nikarudi chini ya meza kwa magoti, nikashika mguu wa meza kwa mikono yote miwili na kupiga kelele kwamba aondolewe, alishafunikwa, aondolewe. Yeye anainama kunifuata, "Nani amefunikwa? Kasanda?" Mimi, "Wewe!" Yeye, "Mimi nimefanya nini?" Mama Mwanahawa anasoma kila dua anayoijua. Meneja bado ameshika kipaza sauti, na kupitia kipaza sauti kile tukamsikia anauliza, "Sasa marehemu ni yupi?"

Na simu yangu, iliyokuwa juu ya meza, ikaita. Mama Mwanahawa akaipokea, akabonyeza spika bila kukusudia, ikajaa ukumbi mzima sauti ya Deo wa Urambo, mchangamfu kabisa:

"Dada Nyamizi! Huku na sisi tumekwama, hakuna anayeingia. Vipi, nimwashe Babu au aendelee kulala na shuka lake?"

Jamani, kimya cha mara ya kwanza hakikuwa kimya. Kimya kilikuwa hiki. Niliona kile kimya kinatembea kwenye nyuso za watu, mmoja mmoja anaelewa, na mimi ndiye niliyeelewa wa mwisho, nikiwa chini ya meza, nimefungwa kanga, nundu kichwani. Nikasema kwa sauti ndogo sana, "Mwashe, Deo."

Babu akawashwa. Haikuchukua muda, zile chogo zote, moja baada ya nyingine, zikafunguka. Yule fundi aliyenitangulia kumbe alikuwa ameandika jina la Babu ndani ya kila moja ya zile mashine kuukuu, kwa mkono. Mimi nilidhani zinamfuata yeyote anayeitika kwanza, kumbe hazikuwa zinamwita yeyote. Zilikuwa zinamwita Babu tu, na Babu asipoitika zinabaki zimesimama, mwingine hazimtaki.

Watu wakahakikiwa, mkutano ukaanza umechelewa, na meneja kweli alisimama. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu ya machozi aliyoyamwaga. Akasema mnaona wenyewe, ndugu wanachama, hali ya mitambo yetu, nadhani umefika wakati wa kutafuta kampuni ya Dar. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nimeshika ndoo ya asali, nimeshakubali, nikifikiria mizinga.

Ndipo Babu akanyoosha mkono, akasimama, akavaa kwanza kofia yake vizuri.

"Mwangaluka, ndugu zangu. Mimi ndiye marehemu." Ukumbi ukacheka mpaka madirisha yakatikisika, akangoja. "Huyu mke wangu hana adabu, ameniua asubuhi bila kunipa taarifa, hata uji sijanywa vizuri. Lakini mchana huu huu ameniwasha tena, na mashine zimefunguka, na sote tumeingia. Nawauliza, hao wa Dar, wakituzima, watajua kutuwasha?"

Sikufukuzwa. Sikusifiwa pia. Meneja aliniita kesho yake akaniambia maneno mawili tu, "Badilisha majina," na mpaka leo akipita karibu na kompyuta hanitazami machoni. Nikakaa chini na kila chogo, nikafungua, nikalifuta jina la zamani, nikaandika la seva ya hapa mjini, ile kazi ya kutwa niliyoikimbia ikanichukua kutwa kweli. Seva sasa zinaitwa namba. Na nimeapa, mbele ya Mama Mwanahawa ambaye bado ananidai turubai alilokuwa ameshalifunga nyumbani kwangu, kwamba sitaiita tena mashine kwa jina la mtu ninayempenda, na sitazungumza kazi barazani.

Babu naye akapata mtaji wa utani wa maisha. Tangu siku ile kila asubuhi ananipigia simu, hasemi hujambo, hasemi umeamkaje, anasema, "Mke wangu, nimewaka," halafu anakata. Mwanzoni niliona ni kero. Lakini juzi hakupiga. Saa ya chai ikafika, hakupiga, nikampigia mimi, haipatikani, nikajua tu yuko porini kwenye mizinga yake. Deo akapiga, Shangazi akapiga, sikupokea. Nikakaa pale mezani naitazama simu, kazi imelala mbele yangu, mpaka ilipoingia ile sauti, "Nimewaka," ndipo nami nikaanza siku yangu.